Taa za asubuhi zinawaka, za jioni hazitaki: PCA9685 na Arduino Nano

fundi_redio_tanga

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada, nimekwama siku ya nne sasa.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Ngamiani, Tanga. Nina bibi yangu Pangani, mama yake mama, anayeishi na mjukuu wa miaka kumi na moja. Bibi ana presha na sukari, na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Vidonge vya asubuhi ni vitatu, vya jioni viwili. Mwezi uliopita alimeza vya asubuhi mara mbili, alipotoka kuchota maji kizunguzungu kikamkamata, akaanguka pembeni ya kisima. Mungu mkubwa, hakuvunjika. Lakini tangu siku hiyo sijalala vizuri, nikaamua nimtengenezee sanduku.

Sanduku ni la mkangazi, kanichongea fundi seremala jirani. Lina vyumba kumi na vinne katika safu mbili: safu ya juu asubuhi, safu ya chini jioni, kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa. Mbele ya kila chumba nimetoboa tundu, nikaweka taa ya LED ya manjano ya milimita 5, na juu yake kipande cha chupa ya maji nilichokisugua kwa msasa ili mwanga usimchome jicho. Ikifika saa moja asubuhi, taa ya chumba cha siku hiyo inaanza kuwaka polepole na kufifia polepole, kama mtu anavyovuta pumzi. Bibi akishameza anabonyeza kitufe kikubwa, taa inazimika. Saa moja jioni inakuja zamu ya safu ya chini. Hataki kusoma, hataki sauti ya kupiga kelele usiku. Anataka aone tu pa kutia mkono.

Ndani kuna Arduino Nano, yaani kompyuta ndogo inayoendesha programu, moduli ya saa ya DS3231, na moduli ya PCA9685, ile chipu ya NXP yenye matundu 16 ya taa, kila moja na hatua 4096 za mwanga. Zote tatu zinaongea kwenye waya mbili za I2C, laini ya pamoja ya mawasiliano ya chipu, kwenye pini A4 na A5. Matundu hayo nayaita chaneli: chaneli 0 ni Jumamosi asubuhi, chaneli 6 ni Ijumaa asubuhi. Chaneli 7 ni Jumamosi jioni, chaneli 13 ni Ijumaa jioni.

Programu nimeandika mwenyewe bila kutumia maktaba ya mtu kwa ajili ya chipu hii, nilitaka nijue kila rejista, yaani kila kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, inafanya nini. Mwanzoni hakuna taa hata moja iliyowaka, mpaka niliposoma datashiti nikaona kwamba chipu ikipata umeme inaanza ikiwa imelala: rejista MODE1 inakuwa 0x11 (0x ni alama ya namba za mtindo wa kumi na sita), na biti ya 4, yaani swichi moja ya 0 au 1 ndani ya rejista, ndiyo ya usingizi. Sasa naiandikia 0x21, nasubiri milisekunde 5, halafu natuma mwanga wa taa zote kwa mkupuo mmoja:

```
void tumaMwanga() {
  Wire.beginTransmission(0x40);
  Wire.write(0x06); // rejista ya kwanza ya chaneli 0
  for (int i = 0; i < 14; i++) {
    Wire.write(0);
    Wire.write(0);
    Wire.write(mwanga[i] & 0xFF);
    Wire.write(mwanga[i] >> 8);
  }
  jibu = Wire.endTransmission();
}
```

Kwa majaribio nimeweka taa zote kumi na nne ziwake kwa 2000. Safu ya juu inawaka yote saba, mwanga mzuri sana. Safu ya chini giza tupu. Si taa moja wala mbili, zote saba. Na `jibu` linarudi 0 kila mara, maana yake ujumbe umefika salama.

Niliyokwisha kufanya: safu ya juu niliunga kwa waya nyekundu za simu, safu ya chini ziliniishia nikatumia waya nyembamba za kebo ya mtandao. Nikadhani tatizo ni hizo. Nimezing'oa, nimelehemu upya mara mbili, mara ya pili mpaka saa saba usiku. Nikapima kwa mita kutoka pini hadi taa, zinalia zote. Nimenunua moduli nyingine ya PCA9685 Kariakoo kwa mtu aliyekuwa anakuja Tanga, nimefunga, hali ni ile ile: saba zinawaka, saba hazitaki.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi: nikiendesha programu ya kutafuta anwani, yaani namba ya kila chipu kwenye laini ya I2C, napata nne, wakati nimefunga moduli mbili tu: 0x40, 0x57, 0x68 na 0x70. Nusu ya hizo sizijui.

Ijumaa nakwenda Pangani. Sitaki kumpelekea bibi sanduku lenye asubuhi bila jioni, wala lenye taa za kubahatisha. Akiona taa atameza, hatauliza mara mbili.

---

waya_mweusi

Pole kwa bibi mkuu, Mungu amjalie afya.

Mimi ningeanza na ardhi. Safu ya chini waya wake wa hasi umeupitisha wapi? Mara nyingi watu wanaunga hasi ya safu moja wakasahau ya pili. Pia hizi moduli za bei rahisi nyingine zina chipu zilizokataliwa kiwandani, unakuta nusu ya matundu yamekufa. Jaribu moduli ya tatu kutoka duka lingine.

---

dada_mkondo

Asalaam aleikum kaka, na pole na uchovu.

Usinunue moduli ya tatu kwanza. Moduli mbili tofauti kufa matundu yale yale saba ni vigumu kuamini. Na ardhi, kama umepima mpaka kwenye taa zikalia, iache.

Nianze na hizo anwani ili uzitoe moyoni. 0x68 ndiyo saa yako. 0x57 iko kwenye moduli hiyo hiyo ya saa: ukiigeuza utaona chipu ndogo ya miguu minane, ni kumbukumbu ya AT24C32, huitumii, haina madhara. 0x70 ni PCA9685 yako yenyewe inaitika kwa jina la pili. Ina anwani ya kuita wote, kwamba ukiwa na chipu kumi za aina hiyo kwenye laini moja, ukisema 0x70 zote zinasikia kwa pamoja. Inawashwa na biti ya 0 ya MODE1, na chipu ikipata umeme biti hiyo iko juu tayari. Wewe unaandika 0x21, hivyo umeiacha. Andika 0x20 na 0x70 itapotea kwenye orodha. Kwa chipu moja haikusumbui, ila siku ukiongeza kitu kingine chenye anwani hiyo zitagongana.

Biti ya 5 ya MODE1, ya kujiongeza rejista yenyewe, umeiwasha ndani ya 0x21. Ingekuwa imezimwa, baiti zako zote zingeangukia rejista 0x06 moja juu ya nyingine na hata hizo saba usingeziona. Kwa hiyo hapo uko sawa.

Sasa nifanyie jaribio moja. Andika programu fupi inayowasha chaneli 9 peke yake: anwani, rejista 0x2A, halafu baiti nne tu. Usiguse waya wowote, usilehemu chochote. Kisha uniambie.

---

fundi_redio_tanga

Waalaikum salaam dada, asante kwa kunitoa hofu ya 0x70. Nimeandika 0x20, kweli imepotea.

Nimefanya jaribio. Chaneli 9 IMEWAKA. Jumatatu jioni, inawaka vizuri kabisa. Nikajaribu 7, 8, 10, mpaka 13, moja moja, zote zinawaka. Kwa hiyo waya zangu ni nzima tangu mwanzo, na chipu ni nzima.

Lakini kuna jambo limetokea. Nilimalizia kwa kuwasha 9 tena, halafu nikapakia programu yangu kubwa bila kuchomoa USB. Safu ya juu ikawaka kama kawaida, na hiyo 9 ikabaki inawaka vile vile, pamoja na zile nyingine sita za chini nilizoziwasha kwenye jaribio. Nikabadilisha programu kubwa, nikaweka mwanga wa safu ya chini yote uwe 500, hazikubadilika hata kidogo. Nikaweka 0, hazizimiki. Ni kama programu yangu kubwa haiongei nazo kabisa. Nilipochomoa USB na kurudisha, safu ya chini ikarudi giza.

Hapa ndipo akili yangu inapoishia.

---

mzee_wa_masafa

Kijana wangu, umeshalipata jibu, hujalitambua tu. Umesema mwenyewe: programu kubwa haiongei nazo. Basi haiongei nazo kweli. Baiti zako za safu ya chini hazitoki kwenye Nano.

Chukua karatasi tuhesabu pamoja. Kila chaneli ina rejista nne: mbili za wakati wa kuwasha, mbili za wakati wa kuzima. Taa kumi na nne mara nne ni baiti 56. Ongeza baiti moja ya mwanzo, ile 0x06. Jumla 57.

Maktaba ya Wire, ile inayoendesha I2C, kwenye Nano na Uno ina bafa, yaani chumba cha kusubiria, ya baiti 32. Unapoita `Wire.write` hakuna kinachotumwa kwenye waya. Baiti inawekwa tu kwenye bafa ikisubiri. Safari yenyewe inaanza pale unapoita `endTransmission`. Baiti ya 33 ikija inakuta bafa imejaa, inaachwa nje. Na ya 34, na ya 35, mpaka ya 57. Zote 25 zimeachwa nje, kila mzunguko, kwa siku nne.

Ndani ya 32, moja ni 0x06. Zinabaki 31. Gawa kwa nne: chaneli saba kamili ni baiti 28, zinabaki tatu. Chaneli saba kamili ni 0 hadi 6, yaani asubuhi zako zote, Jumamosi hadi Ijumaa. Imetokea tu kwamba mpaka wa bafa umeangukia palepale ulipopanga mpaka wa safu, ndiyo maana ukaenda kuzilaumu waya. Ungekuwa na vyumba kumi kwa safu, zingewaka saba na tatu zikazimika, ungeshangaa mapema.

Na hizo baiti tatu zilizobaki? Zimeingia chaneli 7: baiti mbili za kuwasha, na ya chini ya kuzima. Ya nne, ya juu ya kuzima, haikufika. Sasa fungua datashiti yako uangalie rejista hiyo inakuwaje chipu inapopata umeme. Inakuwa 0x10. Biti ya 4 ya rejista hiyo maana yake ni zima kabisa, na inashinda amri nyingine zote za chaneli. Kwa hiyo Jumamosi jioni imeandikiwa robo tatu ya barua na bado imezimwa.

Usiniamini kwa maneno. Chomoa USB, rudisha, endesha programu yako kubwa yenye 2000 kila mahali, halafu soma rejista za chaneli 6, 7 na 8 kutoka kwenye chipu. Namba 2000 kwa mtindo wa kumi na sita ni 0x07D0. Kama nimesema kweli, chaneli 7 utakuta D0 kwenye rejista 0x24, na 10 kwenye 0x25.

Kuhusu lile `jibu` la 0. Linajibu swali moja tu: vile vilivyokuwa ndani ya bafa, je, chipu imevipokea? Imevipokea vyote 32, na ni kweli. Halisemi lolote kuhusu vilivyokataliwa mlangoni. Anayesema hayo ni `Wire.write` yenyewe: inarudisha 1 baiti ikiingia, 0 ikikataliwa. Hukuisikiliza, na wengi hatuisikilizi. Mimi nilifanya kazi ya mitambo ya simu miaka 31, na nilifundishwa siku ya kwanza kwamba risiti ya posta inathibitisha barua uliyoikabidhi, haithibitishi ile iliyoanguka mfukoni.

Dawa ni kugawa. Tuma chaneli saba, funga, tuma saba nyingine kuanzia rejista 0x22. Hesabu: 0x06 ukiongeza 28 unapata 34, nayo ni 0x22. Kila mkupuo utakuwa baiti 29, unaingia kwenye bafa na nafasi inabaki. Utajiuliza kama safu ya chini itachelewa. Itachelewa, lakini angalia ni kiasi gani: baiti 29 na ile ya anwani ni 30, kila moja inachukua mapigo tisa ya saa ya laini, jumla 270. Kwa kasi ya kawaida ya elfu mia kwa sekunde ni milisekunde 2.7. Jicho la mwanadamu halioni.

Utakuta watu wanashauri uongeze bafa ndani ya maktaba. Usifanye. Kwenye Nano hiyo 32 imeandikwa katika faili mbili, na inatengewa nafasi mara tano kwenye kumbukumbu ya baiti 2048. Na siku ukisasisha Arduino kwenye laptopu, mabadiliko yako yanafutika, sanduku la bibi linarudi gizani nawe umeshasahau sababu.

Na kama programu hii uliiga mahali ikawa inafanya kazi kwa mwenzako, huenda yeye ana ESP32, bodi ya aina nyingine. Ile bafa yake ni 128.

---

fundi_redio_tanga

Shikamoo mzee.

Nimesoma maelezo yako nikiwa dukani, nikafunga duka saa kumi na moja nikarudi nyumbani. Kabla ya kubadilisha chochote nimefanya ulivyosema, nimechomoa USB, nimerudisha, nimeendesha programu ile ile ya zamani, nimesoma rejista. Hizi hapa kama zilivyotoka kwenye skrini:

```
chaneli 6:  00 00 D0 07
chaneli 7:  00 00 D0 10
chaneli 8:  00 00 00 10
```

Mzee, D0 na 10. Umeziandika kabla sijazisoma. Nimekaa nikaiangalia hiyo mistari mitatu muda mrefu. Chaneli 6 imekamilika, 7 imekatwa katikati, 8 haijaguswa kabisa. Siku nne nilikuwa nang'oa waya na jibu lilikuwa limeandikwa ndani ya chipu, lilikuwa linasubiri nilisome.

Nimegawa mara mbili kama ulivyoelekeza. Safu zote mbili zinawaka, taa kumi na nne. Mke wangu nimemwita aje aone, akazihesabu kwa kidole.

Nimeongeza pia kitu kimoja: kila `Wire.write` sasa najumlisha inachorudisha, na kama jumla si 29, Nano inazima taa zote na kuwasha ile ndogo nyekundu ya pembeni. Mjukuu nimeshamwambia kwa simu, akiona nyekundu anipigie.

Nina swali moja limebaki. Ile hali ya taa 9 kubaki inawaka baada ya kupakia programu upya bado inanitisha. Umeme Pangani unayumba. Nano ikijiwasha upya na chipu isijiwashe, taa ya jana inaweza kubaki?

---

dada_mkondo

Hongera kaka! Nimefurahi sana.

Ndiyo, inaweza kubaki. Chipu inashika ulichoiandikia mradi ina umeme. Nano ikianza upya yenyewe, chipu haina habari. Kwa hiyo usitegemee hali ya mwanzo ya chipu, iandikie wewe. Kuna rejista za kuamuru chaneli zote kwa pamoja, 0xFA hadi 0xFD. Mwanzoni kabisa mwa programu, kabla ya kuiamsha, andika 0x10 kwenye 0xFD. Hiyo ni zima kabisa kwa chaneli zote 16 kwa pigo moja. Baada ya hapo ndipo usome saa na uwashe inayostahili.

Na kuna jambo nimeliona kwenye programu yako. Taa unayotaka izimike unaitumia 0, yaani wakati wa kuwasha 0 na wakati wa kuzima 0. Datashiti inakataza nyakati hizo mbili kuwa sawa. Tumia 4096 badala ya 0. Programu yako haibadiliki: baiti ya chini ya 4096 ni 0, na ya juu ni 0x10, ile ile biti ya kuzima kabisa aliyoieleza mzee. Inaingia yenyewe mahali pake.

Halafu, kwa matumizi ya kila siku, inayopumua ni taa moja tu. Hakuna haja ya kutuma zote kumi na nne kila hatua. Tuma baiti nne za taa hiyo. Zile mikupuo miwili ya zote zitume mara moja kwa dakika, kurekebisha kama kuna rejista imeharibiwa na umeme kuyumba. Mimi ningefanya hivyo, kwa kuwa ni dawa za mtu.

---

mzee_wa_masafa

Marahaba mwanangu. Anachosema dada ni sahihi, kifuate chote.

Nina mawili, na la kwanza ni la usalama, usilipuuze.

Moduli yako ya saa, ile ya rangi ya buluu yenye kumbukumbu ya 0x57, ina kishimo cha betri ya duara. Umeweka CR2032? Betri hiyo haichajiwi. Lakini moduli nyingi za aina hiyo zina diodi na rezista ndogo yenye maandishi 201, yaani ohm 200, zinazopeleka umeme kwenye betri muda wote, kwa sababu zilitengenezwa kwa LIR2032 inayochajiwa. Ukiilisha 5V na CR2032 ndani, unaisukumia umeme betri isiyoutaka. Inavimba, inaweza kuvuja, na sanduku ni la mbao, limewekwa karibu na kitanda cha bibi. Shika chuma cha lehemu, ng'oa ile rezista. Saa itaendelea kutumia betri umeme ukikatika kama kawaida, ila haitaichaji tena.

La pili ni mkondo. Matundu ya PCA9685 yanaweza kuvuta miliampea 25 kwenda chini, lakini kusukuma nje ni 10 tu. Moduli yako ina rezista ya ohm 220 kwa kila tundu. Taa ya manjano inakula kama volti 2, zinabaki 3 juu ya ohm 220: zaidi ya miliampea 13. Zinawaka, ndiyo, ila unaikamua chipu kupita kiasi ilichoahidi. Ongeza rezista ya ohm 330 kwenye kila taa, utashuka mpaka kama miliampea tano na nusu. Chumbani usiku ni mwanga wa kutosha kabisa, na kwa mwenye mtoto wa jicho mwanga mkali unatawanyika machoni, unamsumbua zaidi ya kumsaidia.

---

fundi_redio_tanga

Naandika nikiwa Pangani, Ijumaa usiku.

Rezista ya 201 ilikuwepo, juu ya moduli yangu, na betri niliyoweka ilikuwa CR2032. Niliitoa betri nikaiangalia kwa tochi, ilikuwa haijaanza kuvimba. Nimeng'oa rezista, nimeweka betri mpya. Mzee, hilo nisingelijua kamwe, na lingekuwa kichwani pa bibi.

Rezista za 330 nimezifunga zote kumi na nne. Rejista 0xFD naiandikia mwanzo kabisa. Nimejaribu kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya cha Nano mara ishirini taa ikiwa inawaka, kila mara inazima zote kwanza ndipo inarudi ile ya haki. Siku ya wiki kwenye DS3231 unaipanga mwenyewe, nimeweka 1 iwe Jumamosi, kwa hiyo siku na chaneli zinakwenda sambamba. Saa kwenye chipu ni 7 na 19, nimemwachia mjukuu karatasi kwamba 19 ndiyo saa moja jioni, asije akairekebisha.

Mwanga wa juu kabisa wa kupumua nilikuwa nimeuweka 2000. Bibi alipokaa mbele yake gizani akakunja uso, akasema jua limeingia ndani. Nikashusha mpaka 300. Akasema bado. 120 akanyamaza, akasogeza uso karibu, akafuata mwanga kwa kidole mpaka kwenye kifuniko. Nimeiacha hapo.

Saa moja jioni leo chaneli 13 ilianza kuvuta pumzi. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa anachambua mchele, akauweka ungo chini, akafungua chumba cha mwisho cha safu ya chini, akatoa vidonge viwili, akaniuliza maji yako wapi.

Kitufe alikibonyeza mara tatu, kuwa na uhakika.

Programu nzima nitaibandika hapa nikirudi Tanga Jumapili, pamoja na picha ya nyuma ya sanduku, atakayetaka kumtengenezea mzazi wake aichukue.